Gumzo la ukoo: Mpwa anaenda Tiger Stadium

Dogo: Shikamoo mjomba, shikamooni wakubwa wote. Nimeshahamia hosteli hapa chuoni, mwenzangu wa chumba kanipa tiketi ya Jumamosi, anasema mwaka wa kwanza hapa LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana, hukosi mechi ya nyumbani hata kama unaumwa. Sasa kaanza kunisimulia mara 1959 mara 1988 nikabaki namwangalia tu. Mjomba nisaidie nisiende pale kama gunia

Mjomba: Marahaba mpwa wangu. Hapo umegusa penyewe. Nipo Baton Rouge tangu 2006 na uwanja ule naupenda kama nilizaliwa nyuma ya goli. Ngoja nitoke kazini

Binamu: Ni ule mpira wa yai?

Mjomba: Ndo huohuo, futiboli ya Wamarekani. Sikilizeni kitu kimoja tu mtaelewa yote. Timu ina majaribio manne ya kusogea yadi kumi. Ukishindwa mpira wanachukua wenzako palepale mlipo. Ndo maana likifika jaribio la nne wengi wanaupiga teke uende mbali, wanajisalimisha kistaarabu. Sasa Tiger Stadium, mechi zote ambazo watu wanazitaja mpaka leo, nyingi zimeamuliwa hapo kwenye jaribio la nne, yani pale ambapo mtu mwenye hofu angeachia

Mama Mdogo: Kaka kwanza niambie yule chui wa timu yao ni wa kweli?

Mjomba: Simbamarara dada, anaitwa Mike, mzima kabisa, ana makazi yake ng'ambo ya barabara pale karibu na uwanja. Wa kwanza alikuja 1936 na kila anayemrithi anaitwa Mike vilevile

Mama Mdogo: Allah akulinde mwanangu usikaribie uzio

Dogo: Nimeshamuona mama mdogo, alikuwa kalala 😄 Mjomba endelea na 1959

Mjomba: Haya. Tarehe 31 Oktoba 1959, usiku, LSU ndo mabingwa wa nchi wanaotetea, wanacheza na Ole Miss, chuo cha Mississippi, jirani na hasimu, na wenyewe hawajafungwa mwaka ule. Robo ya nne Ole Miss wanaongoza 3 kwa 0. Wakaupiga mpira mbali ukadundia kwa Billy Cannon wa LSU karibu kabisa na mstari wake wa mwisho, yadi ya 11. Kocha wa LSU, Dietzel, alikuwa na sheria yake, mpira ukishuka huko nyuma usiuguse, uache. Cannon akaudaka. Akaanza kukimbia, wanamrukia anawatoka, wanamrukia anawatoka, mmoja anamshika anamvua kama koti, yadi 89 mpaka mwisho. 7 kwa 3.

Sasa wengi wanaishia hapo, mpwa wangu wewe usiishie hapo. Ole Miss walirudi. Wakatembea uwanja mzima mpaka mlangoni kwa LSU, sekunde zinaisha, jaribio la nne, wanahitaji kuingia tu. Wakazuiwa kwenye yadi moja. Na mmoja wa waliomzuia yule mtu ni Cannon huyohuyo, maana zamani mchezaji alikuwa anashambulia na kulinda. Kwangu mimi kuzuia kule ndo mechi, zile mbio ni picha tu ya kuweka ukutani

Binamu: Dah huyo alikuwa mtu. Sasa hivi mabeki wetu wakipanda mara moja wanaomba maji

Mjomba: Akachukua Heisman mwaka huo, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo vyote. Maisha yake baadaye yalipinda, alifungwa kwa noti bandia miaka ya themanini, akatoka, akaja kuwa daktari wa meno wa wafungwa kule gereza la Angola, hukuhuku Louisiana, mpaka wakampenda. Alifariki 2018 na sanamu yake iko nje ya uwanja Dogo, kabla hujaingia pita pale usimame kidogo

Dogo: Nitapita mjomba

Dada: Mjomba shikamoo. Babu yuko hapa pembeni namsomea. Anauliza mwaka 1959 watu waliipataje, kulikuwa na tivii?

Mjomba: Marahaba mwanangu. Mwambie Baba ni redio! Mzee niliyefanya naye kazi ghala la kwanza alikuwa mtoto mwaka ule, alisikia kwenye redio ya baba yake kibarazani, na mpaka leo kila mwisho wa Oktoba redio za Louisiana zinarudia ile sauti ya mtangazaji. Ngoja niitafute niwatumie

Mama Mdogo: Na hiyo 1988?

Mjomba: Oktoba 8, wageni ni Auburn, chuo cha jirani Alabama, wanaongoza 6 kwa 0, usiku mzima LSU hawajaingia hata mara moja, zimebaki kama dakika moja na nusu hivi, jaribio la nne. Unaona? La nne tena. Tommy Hodson akamrushia Eddie Fuller yadi 11 akadaka nyuma ya mstari, wakaongeza teke la pointi moja ikawa 7 kwa 6. Watu elfu 79 waliruka kwa mkupuo mmoja na mashine ya kupima tetemeko ya idara ya jiolojia hapohapo chuoni ikaandika. Kesho yake wanaangalia karatasi wanakuta alama. Mpaka leo inaitwa mechi ya tetemeko

Binamu: Mashine ya tetemeko kweli? Hata siku ya Simba na Yanga kwa Mkapa sijasikia hiyo, na pale tunajaa elfu 60

Mjomba: Kweli kabisa. Na sasa hivi wanaingia zaidi ya laki moja na elfu mbili. Na watu wa mpira wa chuo hao, watoto wa miaka kumi na tisa wanachezea laki moja

Mama Mdogo: Wewe mwenyewe ulianza lini kwenda?

Mjomba: Oktoba 6, 2007, na chuo cha Florida cha nyota wao Tim Tebow. Yule mzee wa ghalani mkewe alikuwa anaumwa akanipa kiti chake. Nilifika saa nane mchana nje watu wanapika masufuria kama ya shughuli, mtu hanijui ananipakulia gumbo, mchuzi mzito wa bamia dada, na hilo neno gumbo lenyewe asili yake ni jina la bamia kwa lugha za nchi ya Angola, nilivyokuja kujua hilo nilijisikia niko kwetu. Ndani sasa, tuko nyuma pointi kumi robo ya nne. Kocha wetu Les Miles usiku ule alienda jaribio la nne mara tano. Zote tano alipata. Ya mwisho Jacob Hester alijipenyeza katikati ya watu kwa kichwa, wakapima, imefika kwa kidole, na baadaye kidogo akaingia yeye huyohuyo. 28 kwa 24. Nililia na mtu ambaye mpaka leo sijui jina lake

Dogo: Mjomba nina baridi mwilini

Mjomba: Na 2022 na Alabama, muda wa nyongeza, LSU wako nyuma pointi moja, wangeweza kupiga teke la pointi moja wasawazishe, kocha akasema hapana, tuingie tena kwa pointi mbili, tushinde au tufe. Mpira akarushiwa Mason Taylor, mwaka wa kwanza kama wewe. 32 kwa 31. Watu wote wakaingia uwanjani.

Sasa shika hili: wageni wakiwa na mpira piga kelele mpaka koo likauke, wetu wakiwa nao nyamaza wasikilizane. Mechi saa moja jioni kwa huku, Tanga saa tisa usiku kuamkia Jumapili. Hii hapa sauti ya redio Baba

🎤 *Sauti*

Dada: Babu kaisikiliza mara tatu, kiingereza hajui lakini kashika redio sikioni vilevile anavyofanyaga. Anasema tumwamshe saa tisa. Halafu anauliza, yule wa Mississippi aliyezuiwa pale yadi moja aliitwa nani, mbona yeye hamumtaji

Mjomba: Mwambie Baba aliitwa Doug Elmore