Wauza data za startapu wanatukamua, na ninyi mnaosema "kwangua tu" mnatupotosha

Wakuu, nina hasira, kwa hiyo mnivumilie uzi ukiwa mrefu.

Kazi yangu ni utafiti wa kampuni changa za teknolojia Afrika Mashariki: nani kaanzisha nini, kapata mtaji kiasi gani, kwa nani, na bado yupo au kafunga. Mabosi wanataka jedwali safi. Na kuhusu jedwali safi ninyi wa humu mna majibu mawili: kwangua, yaani uandike kijiprogramu cha kukusanya data kwenye kurasa za tovuti za watu, au lipia API, yaani njia ya programu yako kuvuta data moja kwa moja kutoka kwa muuzaji. Haya, nenda kalipie uone.

Kwanza bei yenyewe imefichwa. Ukurasa wa bei una vifurushi vya watu wa kubofya-bofya, halafu kwenye API wameandika tu uwasiliane na kitengo cha mauzo. Unawasiliana. Anakuja kijana mchangamfu kwenye simu ya video, na anachotaka kujua kwanza si data gani unayohitaji. Anauliza mna wafanyakazi wangapi na mmepata uwekezaji kiasi gani. Yaani anapapasa mfuko kabla hajataja bei. Ikishatajwa, ni mkataba wa mwaka mzima, kwa dola, pesa mbele. Nikamwomba wa miezi mitatu kwa kuwa ripoti yangu ni moja tu. Akatabasamu, akasema atalifikisha kwa wenzake. Hao wenzake mpaka leo kimya.

Tukahamia kwa muuzaji mwingine mwenye vifurushi vidogo vya krediti, yaani pointi unazonunua mapema, na huko ndiko nilikopandwa na mori. Kila ombi linakata krediti, hata likirudi mikono mitupu. Unauliza kampuni ya Morogoro inayotengeneza vikaushio vya mahindi, unaletewa jina na tovuti, ambavyo ulikuwa navyo tangu mwanzo maana ndivyo ulivyoulizia. Waanzilishi hakuna, mtaji hakuna, mwaka hakuna, na krediti imeshaliwa. Kampuni ya Mwanza wameiweka Malawi. Najua, Malawi nako kuna Mwanza, lakini namba ya simu iliyoandikwa palepale inaanza na +255! Mzunguko mmoja wa mtaji umehesabiwa mara mbili kwa sababu blogu mbili ziliutangaza kwa tarehe tofauti. Ruzuku ya wafadhili imeandikwa uwekezaji. Kampuni ambayo mjini hapa hata walinzi wa jengo wanajua ilishahama na madeni yake, kwao inaonekana inaendelea na kazi.

Na hizo taarifa wamezitoa wapi? Wanaweka kiungo cha chanzo, unabofya, unajikuta kwenye habari ya bure ya gazeti, au kwenye tangazo la kampuni yenyewe. Wamekwangua kurasa za watu, basi. Sasa soma masharti yao ya matumizi: marufuku kutumia programu kukusanya chochote kwenye tovuti yao, marufuku kuchapisha jedwali lililotokana na data yao, na mkataba ukiisha ufute kila kitu. Mtu anaokota maembe uani kwako, anakuuzia barabarani, tena kwa sharti kwamba usipande kokwa.

Mchezo huu si wa jana. Crunchbase, hifadhidata ya kampuni changa, ilianza mwaka 2007 kama orodha ya TechCrunch, tovuti ya habari za teknolojia, na wasomaji wenyewe ndio waliokuwa wakijaza. Data ilitolewa kwa leseni ya Creative Commons iliyoruhusu hata biashara, mradi utaje chanzo. Mwaka 2013 kampuni ndogo ya Pro Populi ilipoitumia kwenye programu yake ya People+, AOL, kampuni ya intaneti ya Marekani iliyokuwa imeshainunua TechCrunch, iliwaandikia barua ya kisheria waache. EFF, shirika la Marekani linalotetea haki za kidijitali, wakasimama upande wa wale wadogo, kwa hoja nyepesi kabisa: leseni mliyotoa wenyewe inaruhusu. Baadaye masharti yakabadilishwa, matumizi ya kibiashara yakafungiwa nje. Umma ulishamaliza kujaza.

Kisha ukaja mwaka 2023. Twitter ilitangaza mwezi wa pili kwamba API ya bure inaondoka, na ikaripotiwa kwamba ngazi za mashirika zinaanzia dola 42,000 kwa mwezi. Kwa MWEZI. Reddit nao wakaweka dola 0.24 kwa kila maombi 1,000, kiasi ambacho mtengenezaji wa Apollo, programu ya kusomea Reddit, alipopiga hesabu alipata kama dola milioni 20 kwa mwaka, akafunga Juni 30. Watafiti tuliokuwa tunasoma huko malalamiko ya wateja wa startapu tukabaki tunaangalia kwa macho.

Sasa nawageukia ninyi wa "kwangua tu mkuu, mbona rahisi". Rahisi kwa nani? Kijiprogramu unakiandika Jumamosi, wenye tovuti wanabadilisha muundo wa ukurasa, Jumatatu kinakuletea safu ya namba za simu mahali pa mtaji. Ukiongeza kasi anwani yako ya IP inafungiwa. Unanunua proksi za kuficha anwani hiyo, zinazouzwa kwa gigabaiti, unalipia huduma ya kufumbua kapcha, yale mafumbo ya kuthibitisha kwamba wewe si roboti, na mwisho wa mwezi hiyo "bure" yako ina ankara yake.

Kuna na hili mnalolirudia kila uzi, kwamba mahakama ya Marekani ilishahalalisha kukwangua katika kesi ya LinkedIn na hiQ, kampuni iliyokuwa ikikwangua wasifu wa wazi wa LinkedIn. Mmesoma nusu. Mahakama ya rufaa ya mzunguko wa tisa ilisema mwaka 2019, ikarudia Aprili 2022, kwamba kukusanya kurasa zilizo wazi kwa umma inaelekea si kosa chini ya sheria yao ya udukuzi wa kompyuta. Novemba mwaka huohuo mahakama ya chini ikaona hiQ ilivunja mkataba wa matumizi wa LinkedIn, na Desemba wakamalizana kwa hukumu ya dola 500,000 dhidi ya hiQ. Januari 2024 Meta, wenye Facebook, ikashindwa na Bright Data, kampuni ya kukusanya data za mtandaoni, na jaji alisimamia jambo moja: masharti ya Meta hayakumbana mtu anayekusanya kurasa za wazi bila kuingia kwenye akaunti. Kwa hiyo ninyi mnaofungua akaunti bandia na kuvuna wasifu wa watu mkiwa ndani, msijifiche nyuma ya kesi hizo. Wala hizo si sheria zetu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania tuna ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Barua pepe na simu ya mwanzilishi ni taarifa binafsi hata kama kaibandika kwenye tovuti yake.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba data bora niliyoipata sikuilipia wala sikuikwangua. Kampuni nyingi tunazoziita za Nairobi au za Dar zina kampuni mama Delaware, jimbo la Marekani, kwa kuwa wawekezaji hupenda hivyo. Zikiuza hisa kwa msamaha wa Regulation D, unaoruhusu kuuza hisa bila kuzisajili, zinatakiwa kuwasilisha Fomu D kwa SEC, mdhibiti wa masoko ya hisa Marekani, ndani ya siku 15 tangu mauzo ya kwanza. Humo mna kiasi wanachotafuta, kiasi kilichokwisha uzwa, wakurugenzi na anwani. Wawekezaji hawatajwi kwa orodha, ila mjumbe wa bodi aliyeletwa na mfuko wa uwekezaji utamwona. Mfumo wa EDGAR, wa SEC wa kuhifadhi fomu hizo mtandaoni, hauombi hata ufunguo, ujitambulishe tu kwa jina na barua pepe, usizidishe maombi 10 kwa sekunde. Zenye kampuni mama Uingereza, nenda Companies House, msajili wa kampuni wa huko: API bure, maombi 600 kila dakika tano, wakurugenzi na wamiliki wakubwa mezani. Tabu ni mbili: si kila kampuni hujaza Fomu D, na jina la kisheria mara nyingi halifanani na lile la kwenye bango. Lakini haya yaliyomo yameandikwa na kampuni zenyewe, siyo na blogu.

Nyumbani sasa. Kenya unalipia CR12, hati rasmi ya wakurugenzi na wanahisa, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, Tanzania unalipia upekuzi BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, kampuni moja moja. Kwa mwanasheria mwenye mteja mmoja inatosha. Kwa mtu anayechambua sekta nzima ni kuumizana. Kwa hiyo mtaji wa kampuni ya Arusha nausoma bure Washington, na wanahisa wake nawalipia hapahapa.

Wauzaji wa API mnaopita humu, nijibuni: kwa nini jibu tupu linakatwa krediti? Kwa nini bei isiandikwe? Na nani kwenu anapitia taarifa za Afrika Mashariki, kama yupo? Wadau, mwenye orodha ya majina ya kisheria ya kampuni mama za Delaware aiweke hapa tuijaze pamoja, kwa leseni ambayo hakuna atakayekuja kuigeuza. Na kabla hamjanifuata faragha kuniuzia nywila za akaunti za ofisi zenu kwa nusu bei, sitaki.