Mafundi acheni kubadilisha sensa kila mkiona P0016!!

Wakuu nimechoka na naandika nikiwa na hasira. Gari ya petroli, silinda 4, ya cheni ya taimingi (ile inayounganisha krenki na kamshafti). Asubuhi ukiiwasha ikiwa baridi cheni inapiga kelele huku mbele kwa muda mfupi halafu inanyamaza, kwenye mlima haina nguvu, taa ya injini imewaka. Fundi kachomeka mashine, ikaja kodi (namba ya hitilafu) P0016, hapohapo kasema sensa ya kamshafti (shafti inayofungua vali) imekufa. Tukabadilisha, kodi ikarudi. Basi ni ya krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), tukabadilisha, ikarudi vilevile. Sasa hivi anataka kontroli boksi (kompyuta ya injini)!! Kwa ushahidi gani?

P0016 haisemi sensa imekufa jamani. Inasema krenki na kamshafti hazilingani, moja iko mbele au nyuma ya pale inapotakiwa kuwa. Sensa ya kamshafti ikikata mawasiliano mara nyingi utakuta P0340, ya krenki P0335, na hizo hazikutokea hata mara moja. Na mtu anasikia kabisa ile kelele ya asubuhi! Tenshena (kikaza cheni) ya injini nyingi za cheni inasukumwa na presha ya oili, gari ikilala oili inashuka, cheni kama imevutika inalegea na kupiga mpaka presha ipande. Dalili ipo mezani halafu unaagiza sensa, huko ni kupiga ramli.

Stiki ya oili hajaichomoa. Oili ikiwa pungufu au imekuwa tope, solenoidi ya VVT (vali ya umeme inayopitisha oili ya kusogeza kamshafti mbele au nyuma) inaziba au inanata, kamshafti inabaki imekwama mahali pasipo pake, kodi ni ileile. Kuangalia oili ni dakika moja tu, kuchomoa solenoidi kwenye injini nyingi ni bolti moja na soketi ya waya, kwa nini usianzie hapo?

Kama oili iko safi, toa plagi pima kompresheni. Silinda zote zikiwa chini kwa usawa, shuku taimingi (kulingana kwa krenki na kamshafti) kwanza maana vali za kuingiza hewa zinachelewa kufunga, ikiwa chini moja tu hapo tuongelee vali au ringi. Mwenye skopu (kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme ya sensa) aweke mawimbi ya krenki na kamshafti pamoja aone yamepishana kiasi gani, hata kava la cheni halifunguliwi. Ukishafungua, zungusha krenki kwa spana, kwa mkono, mizunguko 2 kamili ndio kamshafti imezunguka 1, kisha angalia alama za kwenye gia. Alama za kwenye gia, sio zile pingili za rangi za cheni, zile hazirudi mahali pake kila mizunguko 2 na nimeshaona fundi anavua cheni nzima kisa hicho.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba anaendelea kuiwasha na kuipigia resi "kusikiliza". Gia ya krenki yenye meno 18, cheni ikiruka jino 1 tu krenki imepishana nyuzi 20, na kuna injini ambazo ikiruka mengi pistoni inagonga vali na zinapinda. Nani atalipa?

Gari nimeiondoa pale na haiwashwi tena mpaka kava lifunguliwe. Mwenye picha za mawimbi ya krenki na kamshafti za injini isiyo na tatizo ya silinda 4 yenye VVT aziweke hapa tafadhali, na aseme alizichukua injini ikiwa baridi au ya moto.