Tupeane uzoefu: uliwezaje kusomea cheti cha kuzuia uvamizi wa mtandao?

Mleta mada

Wakuu, heshima zenu. Nina miaka minne kwenye kazi ya mitandao, ruta na swichi nazifahamu vizuri. Sasa najiandaa kwa mtihani wa kuzuia uvamizi. Nadharia inaingia: mfumo wa kugundua husimama pembeni ukipokea nakala ya mawasiliano, wa kuzuia husimama katikati ya njia na kuikata pakiti (kipande cha data) mbaya kabla haijafika kwenye seva. Historia pia nimesoma, kuanzia modeli ya kugundua uvamizi ya Dorothy Denning ya 1987 hadi Snort, programu ya kugundua uvamizi ya Martin Roesch, ya 1998.

Shida ni vitendo. Wiki nzima nimesakinisha Suricata, programu ya kugundua na kuzuia uvamizi, kwenye mashine pepe, nashambulia kutoka mashine ya pili, na logi iko kimya kabisa. Hakuna onyo hata moja. Nimeanza kujiuliza kama kazi hii ni yangu kweli. Mliopita njia hii naomba mnisimulie mlivyosoma, hasa mlipoangukia.

Baiti13

Karibu sana mkuu. Mimi mtihani wa kwanza nilianguka, na nilistahili. Nilikuwa nimekariri majina ya mashambulizi, lakini ukiniwekea pakiti mezani nilikuwa kama mtu anayetazama maandishi ya lugha asiyoijua.

Baada ya hapo nilibadilisha kila kitu. Kila asubuhi kabla ya kazi nilichapisha pakiti moja kwenye karatasi, kwa heksadesimali tupu (namba za msingi wa 16), nikaisoma kwa penseli bila Wireshark, programu ya kusomea pakiti. Inaanza na 45. Hiyo 4 ni toleo la IP. Hiyo 5 ni urefu wa kichwa kwa mafungu ya baiti nne nne, kwa hiyo kichwa kina baiti 20. Hesabu kuanzia sifuri mpaka baiti ya 9: ukikuta 06 ni itifaki ya TCP, 11 ni UDP, 01 ni ICMP. Ingia kwenye kichwa cha TCP mpaka baiti ya 13, ndiyo yenye bendera. 02 ni SYN, mtu anabisha hodi. 12 ni SYN na ACK, mwenyeji anaitikia. 10 ni ACK, mgeni amekaribia, mazungumzo yanaanza.

Siku moja nikakutana na 03. Nilihesabu upya mara tatu nikidhani nimekosea mstari. Hiyo ni SYN na FIN kwa pamoja, yaani mtu anabisha hodi na kuaga kwa pumzi moja. Kompyuta yenye nia njema haiongei hivyo. Mara nyingi ni mtu anayepima seva aone itajibu nini. Nilikaa pale na penseli yangu nikasikia raha ambayo siwezi kuieleza. Kuanzia siku ile kanuni za Snort zikaacha kuwa mistari ya kukariri, kwa sababu niliona kila neno linashika baiti gani.

Mara ya pili nilifaulu.

Mlinzi wa Lango

Mleta mada, kabla hatujaendelea: mashine zako mbili zina anwani gani?

Mleta mada

Zote ziko 192.168.56, mkuu. Ya ulinzi inaishia 10, ya kushambulia inaishia 20.

Mlinzi wa Lango

Nilijua. Fungua faili la suricata.yaml, tazama HOME_NET, yaani anwani zinazohesabiwa kuwa za ndani. Ulivyoikuta, inahesabu 192.168.0.0/16 yote kuwa ni nyumbani. EXTERNAL_NET nayo imeandikwa kwamba ni kila kisichokuwa HOME_NET. Kanuni nyingi zinasema: toa onyo mtu wa nje akimjia wa ndani. Kwa macho ya Suricata, mshambuliaji wako ni mtoto wa nyumbani. Weka HOME_NET iwe 192.168.56.10/32 peke yake, halafu jaribu tena.

Bado kimya? Angalia jambo la pili. Kadi nyingi za mtandao huachiwa kazi ya kukokotoa jumla ya ukaguzi (namba ya kuthibitisha pakiti haijaharibika), kwa hiyo pakiti inayonaswa kwenye mashine iliyoituma huonekana ina jumla isiyo sahihi, na mfumo unaweza kuiacha bila kuichunguza. Anzisha Suricata kwa "-k none" ukiwa maabara.

Nakueleza haya kwa sababu mimi yalinila siku kumi na moja, na hakuna darasa lililonitajia. Usijihukumu kwa ajili ya mstari mmoja wa usanidi.

Dada wa Zamu

Mlinzi amesema vizuri. Mimi niongeze upande wa baada ya cheti, maana huko ndiko nilikoumia.

Nilipofaulu, kazini wakanikabidhi mfumo wa kuzuia. Ijumaa jioni nikachukua kundi zima la kanuni nikaligeuza kutoka "alert" (toa onyo tu) kwenda "drop" (kata pakiti). Nilikuwa na furaha, niliona naanza kulinda kweli. Jumatatu asubuhi simu zikaanza. Faili la mishahara lililokuwa likisafiri kati ya seva mbili kila mwisho wa mwezi lilikuwa na mfuatano wa baiti uliofanana na kanuni moja ya zamani. Mfumo ukalikata siku mbili mfululizo. Watu walichelewa kulipwa kwa sababu yangu. Kuna mama mmoja wa idara ya usafi aliniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, leo itaingia?" Swali lile ninalo mpaka leo.

Tangu hapo kanuni mpya kwangu hukaa kwenye onyo tu mpaka ipite walau mwisho wa mwezi mmoja, kwa sababu kuna mawasiliano yanayotokea siku hiyo pekee. Nasoma kila onyo. Ndipo naamua ipi ipewe ruhusa ya kukata.

Na fanyeni hesabu hii, ambayo Stefan Axelsson aliieleza mwaka 1999. Chukua miunganisho 1,000,000, mibaya iwe 100. Mfumo wako uwe mzuri sana: unaikamata yote 100, na kwenye ile mizuri unakosea kwa asilimia 1 tu. Asilimia 1 ya 999,900 ni 9,999. Kwa hiyo kati ya maonyo 10,099, ya kweli ni 100. Anayesimama zamu akijua hesabu hii huwa na subira na kila onyo, wala halidharau hata moja.

Mkono kwa Mkono

Naomba niwaonye wadogo zangu kuhusu maswali yaliyovujishwa. Kituo nilichosoma kilitugawia maswali na majibu, tukakariri, tukafaulu karibu wote. Kwenye usaili wa kwanza nikapewa kompyuta yenye faili la pakiti, nikaambiwa, "Tueleze hapa kimetokea nini." Sikuweza kufungua mdomo. Mbali na aibu, watoaji wa vyeti wakikubaini wanaweza kukifuta. Ilibidi nianze upya kwa fedha yangu mwenyewe.

Kuhusu kuchagua: kama msingi wa usalama bado, cheti cha Security+ cha CompTIA kinatosha kuanzia, maswali hayazidi 90 kwa dakika 90. Anayefanya kazi na vifaa vya Cisco atakutana na mitihani yake, 350-701 halafu 300-710. Mtihani wa cheti cha GCIA cha shirika la GIAC ndio unaokulazimisha kuishi ndani ya pakiti. Huo unaruhusiwa kuingia na vitabu vyako vya karatasi, lakini muda haukupi nafasi ya kutafuta ovyo. Tengeneza faharasa yako kwa mkono wako. Usiombe ya mwenzako, kwani kuiandika ndiko kusoma kwenyewe.

Mlinzi wa Lango

Na ukihamia kwenye hali ya kuzuia kupitia NFQUEUE (foleni ya Linux inayoipa Suricata pakiti iamue), zima Suricata kwa makusudi uone. Bila "--queue-bypass" kwenye iptables (ukuta wa moto wa Linux), mawasiliano yote hufa pamoja nayo. Ukiiweka, yanapita bila ulinzi. Amua mapema seva ipi ni bora ikatike na ipi ni bora ipitishe, na uamuzi huo uufanye na wenye seva.

Mleta mada

Wakuu, nimerudi. Ilikuwa HOME_NET. Nimebadilisha, nikarusha uchunguzi wa porti kutoka mashine ya pili, na faili la fast.log limejaa maonyo. Nimemwita mke wangu aje aone, ingawa kwake ni mistari tu.

Baiti13, nimechapisha pakiti ya kwanza ya kesho asubuhi. Inaanza na 45. Dada wa Zamu, sijagusa "drop" na sitagusa mpaka nimesoma yote yaliyomo. Mwingine mwenye kisa asisite kukileta, nafuatilia kila mchango.