Michezo ya redio ya kuelimisha: inabadilisha watu au inapoteza hela?

Kipanga wa Sinza: Wadau, tangu mchezo wa Twende na Wakati, wa uzazi wa mpango na ukimwi, uanze kusikika Redio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1993, wafadhili hawajaacha kumwaga fedha kwenye michezo ya "kuelimisha jamii". Hizo hela zingejenga zahanati. Mtu haachi tabia yake kwa sababu ya mchezo wa redio.

Mama Tabata: Mwanangu, wewe hukuwepo. Zahanati tulikuwa nayo, unavuka barabara tu umefika. Mume wangu ndiye hakutaka kusikia habari za uzazi wa mpango. Ningemwambia nimechoka kuzaa, ungekuwa ugomvi. Lakini niliweza kumuuliza habari za mchezo, za yule dereva wa lori Mkwaju na mkewe Tunu: "Umemsikia Tunu jana, anavyoteseka na yule Mkwaju wake?" Hapo ndipo tulipoanzia mazungumzo.

Jembe la Kurasini: Mama umenena. Na madereva wa malori walipatikana siku ile, maana wote ni akina Mkwaju, kila kituo kimada.

Binti Mbagala: Wote? Futa hilo neno. Baba yangu kaendesha lori Dar hadi Tunduma miaka ishirini. Akishuka na kiroba cha mchele wa Kyela begani, watoto wa mtaa wanaimba "Mkwaju huyooo!" Mama akaanza kumpekua mifuko ya suruali kabla ya kufua. Mwishowe kipindi kikianza baba anazima redio, anatoka nje.

Jembe la Kurasini: Dada, ukimwi ulifuata barabara kuu. Huo ni ukweli, usikasirikie mchezo.

Binti Mbagala: Barabara hiyo walipita wafanyabiashara, askari na abiria wa mabasi. Aliyepewa jina ni dereva.

Mama Tabata: Pole binti yangu. Sisi tulicheka, hatukujua kuna nyumba inaumia.

Mzaliwa wa Kongwa: Nyie angalau mlisikia. Sisi Dodoma tuliachwa makusudi! Kuanzia 1993 hadi 1995 kituo cha Dodoma hakikurusha mchezo huo, ili watafiti watulinganishe na mikoa mingine. Watu wanazikwa, sisi tumefanywa kipimo.

Kipanga wa Sinza: Na walipolinganisha?

Mzaliwa wa Kongwa: Kulikosikika, uzazi wa mpango ulipanda kuliko kwetu. Kwa hiyo hoja yako imekufa, Kipanga. Ila mimi nauliza: nani alituomba ruhusa?

Jembe la Kurasini: Bila kulinganisha wangejuaje? Baada ya hapo si mlirushiwa?

Mzaliwa wa Kongwa: Miaka miwili, mkuu! Shangazi yangu alizaa mara mbili humo humo.

Konda Mstaafu: Mmesahau Fataki, yale matangazo ya redio ya 2008 hivi, ya kuwaumbua watu wazima wanaotongoza wanafunzi. Nilikuwa naning'inia mlangoni, njia ya Mbagala–Kariakoo. Mzee mmoja kamnunulia mwanafunzi soda dirishani, anamnong'oneza. Abiria wa nyuma kasema tu, "Fataki." Gari zima likageuka. Mzee kashuka Mtoni, na nauli alishalipa ya mpaka mwisho.

Binti Mbagala: Hapo sawa, kaka. Fataki ni tendo, si kazi ya mtu. Hakuna mtoto aliyeimbiwa kwa ajili ya leseni ya baba yake.

Kipanga wa Sinza: Turudi kwenye zahanati basi...

Jembe la Kurasini: Binti, mimi nilisema kwa ujumla tu.

Binti Mbagala: Neno "wote" bado lipo hapo juu. Hujalifuta.