Kuanzisha kituo cha simu cha ushauri wa sumu kwa watu na wanyama: tuanzie wapi?

Nuru_Afya
Habari wakuu. Kikundi chetu kinaandika pendekezo la kituo cha umma cha ushauri wa sumu. Mtu akinywa, akivuta au akimwagikiwa na kitu apige simu saa yoyote, na mwenye mbwa au ng'ombe naye apate pa kuuliza. Rasimu ya kwanza imeweka sehemu kubwa ya fedha kwenye maabara. Naomba wanaoijua kazi hii wanisaidie: wapokea simu wangapi wanatosha kuanza? Watu na wanyama wawe na laini moja au mbili? Na ni kitu gani huharibika mapema?

Zamu_ya_Usiku
Maabara isubiri. Maamuzi mengi hufanywa kabla jibu la damu halijatoka, na hiyo damu huchukuliwa hospitalini. Pesa za mwanzo ziende kwa watu.

Hesabu ni hii: wiki ina saa 168. Mtu wa saa 40 kwa wiki hujaza sehemu tu, kwa hiyo kiti kimoja cha simu kinataka watu 4.2. Ukiweka likizo, ugonjwa na mafunzo, ni 5 hadi 6. Hapo hujamhesabu daktari bingwa wa kuulizwa kesi ngumu, ambaye anaweza kuwa nyumbani lakini lazima apokee simu. Msipofikia idadi hiyo, anzeni na saa chache na mzitangaze wazi. Laini inayotangazwa kuwa ya saa 24 kisha isijibiwe usiku ni hatari kuliko kutokuwa na laini, kwa sababu mtu atasubiri ijibiwe badala ya kukimbilia hospitali.

Swali la kwanza la mpokea simu si "amekunywa nini?" Ni "anapumua? Ameamka? Ana degedege?" Jibu baya kwa lolote kati ya hayo, ita gari la wagonjwa kwanza, maelezo baadaye. Kisha: umri, uzito, jina la bidhaa likisomwa kwenye chupa yenyewe, kiasi, saa, njia (mdomo, ngozi, jicho, pumzi), dalili, alichopewa tayari, na namba ya kumpigia tena. Namba hiyo ichukuliwe mapema, maana simu hukatika.

Kiasi kikadiriwe kwa upande mbaya. Chupa ilikuwa ya ml 100 na imebaki 60, hesabu ni ml 40 hata mama akisema nyingi zilimwagika. Watoto wawili walikuwa pamoja? Kila mmoja ahesabiwe kuwa amekunywa zote 40. Makosa mengi hutokea hapa, na kwenye kuchanganya mg na ml.

Ushauri wa kutapisha ufutwe kabisa kwenye karatasi za kituo. Mafuta ya taa yakirudi juu huingia kwenye mapafu. Anayekohoa au kupumua kwa shida aende hospitali mara moja, na asiye na dalili aangaliwe kwa saa 6. Magadi makali na asidi huunguza koo mara ya pili. Maji ya chumvi yenyewe yanaweza kuua kwa kupandisha sodiamu kwenye damu.

Halafu kuna kupiga simu tena. Kila kesi mnayoiacha nyumbani iandikiwe saa ya kufuatiliwa, na mwenye zamu asiondoke bila kuikabidhi. Kituo kisichopiga tena hakitajua kama ushauri wake ulifaa.

DaktariMifugo
Kuhusu laini moja au mbili, mifano yote miwili ipo. Uswisi kituo chao cha Zurich, kilichoanza mwaka 1966, hujibu kuhusu watu na wanyama pia. Uingereza walitenganisha: huduma ya sumu ya binadamu ilianza 1963, ya wanyama ikaja 1992. Mimi ningechagua namba moja, daftari moja, lakini waamuzi wawili. Anayepokea anauliza "mtu au mnyama?", na mnyama anahamishiwa kwa daktari wa mifugo aliyesajiliwa. Angalieni pia sheria ya taaluma inasemaje kuhusu kumtibu mnyama kwa simu bila kumwona.

Sababu ya kutenganisha waamuzi ni kwamba kipimo cha binadamu hakihamishiki kwa mnyama. Kidonge kimoja cha parasetamoli cha mg 500 kwa mtu wa kilo 70 ni kama mg 7 kwa kilo, si kitu. Kwa paka wa kilo 4 ni mg 125 kwa kilo, na paka huweza kuugua kwa mg 10 tu kwa kilo, maana ini lake halina uwezo wa kutosha wa kuifunga dawa hiyo na kuitoa. Damu yake inakuwa ya kahawia, ufizi unabadilika rangi, uso unavimba. Permethrini anayopakwa mbwa dhidi ya viroboto humtetemesha paka hadi degedege. Mwosheni kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu, kisha apelekwe kliniki. Chakula cha kuku chenye monensini, dawa ya kukinga kuku na koksidia, kinaua farasi kwa mg 2 hadi 3 kwa kilo, kiasi ambacho kuku hakisikii. Ksilitoli, sukari ya kwenye bazoka zisizo na sukari ya kawaida, hushusha sukari ya damu ya mbwa kuanzia takriban g 0.1 kwa kilo.

Na kutapisha tena: farasi, sungura na panya hawawezi kutapika. Mbwa hutapishwa na daktari wa mifugo, kwa sumu inayoruhusu, mapema.

Kwa mifugo ongezeni maswali ambayo fomu ya binadamu haina: wangapi wapo, wangapi wanaugua, wangapi wamekufa, wamebadilishiwa chakula au malisho lini, na je, maziwa yanauzwa? Hilo la mwisho linagusa watu. Ng'ombe aliyelamba betri iliyovunjika anaweza kutoa madini ya risasi kwenye maziwa akiwa bado anasimama vizuri.

Stoo_ya_Dawa
Simu bila dawa za kukata sumu ni maneno matupu. Fanyeni hesabu ya mgonjwa mmoja, si ya boksi moja.

Dawa za wadudu za kundi la organofosfeti: atropini mg 2, halafu mara mbili ya kipimo kilichotangulia kila dakika 5 hadi mapafu yawe makavu na mapigo na shinikizo la damu virudi. 2+4+8+16 ni mg 30 ndani ya dakika 15: ampuli 30 za mg 1, au 50 za mg 0.6. Baada ya hapo ni dripu ya asilimia 10 hadi 20 ya jumla hiyo kila saa, yaani mg 3 hadi 6. Siku nzima ni mg 72 hadi 144 juu ya zile za kwanza. Wasiache kutoa atropini kwa sababu tu mboni za macho zimepanuka. Kinachoangaliwa ni kifua.

Ng'ombe wa kilo 400 kwa mg 0.25 kwa kilo anataka mg 100 za atropini. Ng'ombe mmoja anaweza kumaliza akiba ya hospitali ndogo, kwa hiyo stoo zitenganishwe hata kama laini ni moja.

Parasetamoli: asetilisisteini mg 300 kwa kilo kwa saa 21. Mtu wa kilo 70 ni g 21, ampuli 11 za g 2. Hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8 tangu vidonge vimezwe, na damu ya kupima kiwango ichukuliwe kuanzia saa ya 4 tangu kumeza. Hospitali iliyo mbali, mwendo wa saa 10 kwa barabara, ni lazima iwe na yake. Kituo kiwe na orodha hai ya nani ana ampuli ngapi na zinaisha muda lini, ikithibitishwa kwa simu kila mwezi.

Nuru_Afya
Asanteni sana. Tunahamisha fedha. Daftari moja lina faida gani hasa, kama waamuzi ni wawili?

DaktariMifugo
Wanyama huonyesha mapema. Minamata, Japani, paka walikuwa wanapatwa na degedege kabla ugonjwa wa zebaki haujatambuliwa rasmi kwa watu Mei 1956. Mwaka 2007 melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki, iliua paka na mbwa Amerika Kaskazini kupitia chakula chao. 2008 melamini hiyo hiyo ikakutwa kwenye maziwa ya unga ya watoto China. Mbwa watatu wa mtaa mmoja kwenye daftari moja na mtoto wa mtaa huo wataonekana pamoja. Kwenye madaftari mawili hakuna atakayewaunganisha.

Ili hilo lifanye kazi, sehemu nne zijazwe kwa namna moja kwa watu na wanyama: bidhaa, mahali, saa, na ukali wa ngazi 0 hadi 4, yaani hakuna dalili, kidogo, wastani, kali, kifo. Mtu mmoja asome orodha kila asubuhi akiwa na mamlaka ya kupiga simu idara ya afya siku hiyo hiyo. Mzoga ukipatikana, ini, figo na yaliyomo tumboni vifungwe kila kimoja peke yake na kugandishwa, pamoja na kilo moja ya chakula kilicholiwa. Damu ya kupima kolinesterasi, kimeng'enya kinachozuiwa na organofosfeti, ikae kwenye baridi bila kugandishwa.