Mrejesho: SSH ikikatika, kazi haifi tena
Wakuu, narudi na mrejesho. Niliuliza nifanyeje ili kazi ndefu kwenye seva isife kila SSH (njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali) inapokatika. Mlionishauri tmux (programu inayoacha kazi iendelee kwenye seva hata ukikatika), asanteni sana, imekubali.

Sasa nikishaingia kwenye seva naandika `tmux new -s hifadhi` kufungua sesheni niliyoiita hifadhi, naanzisha kazi, kisha nabonyeza Ctrl-b halafu d ili nitoke bila kuiua. Nafunga laptopu, kazi inaendelea hukohuko. Nikirudi, `tmux attach -t hifadhi`, naikuta ilipofika. Jana mtandao ulikatika katikati ya kunakili data na wala sikushtuka.

Kilichonisumbua ni kusogeza maandishi juu: gurudumu la kipanya lilikuwa linaniletea amri za zamani badala ya matokeo. Dawa ni Ctrl-b kisha `[`, au uweke `set -g mouse on` kwenye faili la `~/.tmux.conf`. Halafu kwa kawaida tmux inatunza mistari 2000 tu ya matokeo. Nimeongeza kwa `set -g history-limit 50000`, ila inashika kwenye madirisha mapya, si yaliyokwisha kufunguliwa.

Aliyependekeza nohup (amri ya kuendesha kazi isife ukitoka): inafaa, lakini programu ikiuliza swali katikati huwezi kurudi kulijibu. Na seva ikiwashwa upya, sesheni zote za tmux zinapotea.