Naombeni ushauri: mgombea ni mtoto wetu ila fomu zake zinanitia wasiwasi

Mama Neema wa Lewiston (mleta uzi)

Wakuu habari za saa hizi, naomba mnisome mpaka mwisho, nimetoka zamu ya usiku sijalala. Mimi ni Mkongo wa Fizi, nimekulia kambini Nyarugusu kule Kigoma, sasa niko Lewiston jimbo la Maine huku Marekani na uraia nilishapata. Mwaka huu kijana wetu mmoja anagombea kiti cha Baraza la Wawakilishi la jimbo, yaani bunge la Augusta siyo lile la Washington, na kwenye mchujo wa chama cha Democratic mwezi wa 6 yuko na wazungu wawili, baba mmoja na mama mmoja mwalimu mstaafu. Kijana tunamjua, ndiye alikuwa anatusomea barua za mwenye nyumba tulipofika Kingereza hatujui. Nampenda kwa kweli.

Sasa Jumapili baada ya ibada mzee mmoja anayemsaidia akaja na karatasi, kila mtu aandike jina, anwani na sahihi kwamba amemchangia dola 5. Nikafungua pochi, akanizuia mkono, "acha hela yako mwanangu, nyie andikeni majina tu, hela nitatoa mimi". Watu wakaandika. Shemeji yangu amefika juzi juzi, kesi yake ya hifadhi hata haijasikilizwa, na yeye akaandika kwa sababu karatasi ni ya Kingereza na mzee ndo kasema. Kalamu ilipofika kwangu nikasoma yale maandishi madogo, yanasema hela ni yangu mwenyewe na mimi ni mpiga kura niliyejiandikisha. Nikasema mtoto analia, nikatoka nje.

Tangu siku hiyo naambiwa nimejitenga. Mume wangu anasema nisimvunjie mzee heshima. Nikae kimya? Na jambo la pili, yule mama mwalimu aligonga mlango wetu theluji bado iko pembeni ya barabara, akaingia, akashika hita yetu na mkono akakuta ya baridi, akatoa daftari akaandika. Nikimpa yeye kura nitakuwa nimewasaliti watu wangu?

Mwana Uvira

Dada usikae kimya hata siku moja. Niko Portland hapo chini, nimejitolea kwenye kampeni mbili, hizi dola 5 nazijua. Maine kuna sheria wananchi waliipitisha kwa kura 1996, mgombea asiyetaka kuishi kwa hela za matajiri anakusanya dola 5 kwa kila mpiga kura wa eneo lake, wa Baraza la Wawakilishi anatakiwa afikishe watu 60 na wa Seneti 175, akifikisha jimbo linampa hela za kampeni. Sasa maana ya ile dola 5 ni kwamba kuna watu 60 wametoa mfukoni mwao kwa kumwamini. Mzee akizilipa zote hakuna watu 60 hapo, kuna mzee mmoja. Ikigundulika kijana anaweza kunyimwa hizo hela na jina lake likachafuka kabla hata ya kura. Mzee hana nia mbaya, anafanya kama tunavyofanya kwenye michango ya msiba, mwenye nacho anamlipia asiye nacho. Ila hii siyo michango ya msiba.

La shemeji ndo la haraka kuliko yote. Majina hukaguliwa na daftari la wapiga kura. Mtu asiye raia akisaini kuwa ni mpiga kura, upande wa uhamiaji wanaweza kusema amejidai raia kwa uongo, na kwa sheria za Marekani hilo linaweza kumfukuzisha mtu nchini. Jina litolewe kabla karatasi haijaondoka mikononi mwao, halafu aende kwa wakili wake amweleze yote bila kuficha kitu. Leo siyo kesho.

Kijana wa Buguruni

Mi niko Dar, sheria za huko sizijui, ila naongea kama mtu aliyeona kura za maoni nyingi. Kwenye hilo bunge la Augusta wenzenu wana watu wao tangu enzi na enzi, nyie mna huyo mmoja tu anayejua Nyarugusu ni wapi. Mkimwangusha kwa kosa la mzee wake, mwingine mtampata lini? Usiende kushtaki popote. Mfuate kijana mwenyewe, uso kwa uso, umwambie. Kama hajui atakushukuru, kama anajua basi umeshajua ni mtu wa namna gani.

Mama Neema wa Lewiston

Asanteni sana. Shemeji nimemwamsha, analia. Namtafuta wakili. Na kijana nina namba yake, nampigia sasa hivi kabla sijaogopa.

Mkisii wa Minnesota

Pole dada. Wacha nikwambie vile tumeona huku. 2024 Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Nyamira, alishinda kiti cha eneo la 38A kwa House, yaani Baraza la Wawakilishi la Minnesota, Mkenya wa kwanza mzaliwa wa huko kuingia bunge la hili jimbo, na watu walilia kwa furaha. Lakini hata hapa Brooklyn Park penye Wakenya wengi hivi, kura za Wakenya peke yake hazitoshi kushinda kiti. Lazima uingie kwa nyumba ya yule mama mzee mzungu, ya Mhmong (watu waliotoka Asia), ya Mliberia, useme utawafanyia nini. Kwa hivyo huyo kijana wenu akiulizwa maswali magumu na watu wake mwenyewe mnamsaidia, si kumsaliti. Muulize kama vile ungemuuliza mgeni.

Mwana Uvira

Na hiyo ya kura usijitese. Mchujo wa Maine tangu 2018 unapanga, wewe wa kwanza nani, wa pili nani, wa tatu nani. Kama hakuna aliyevuka nusu, wa mwisho anatolewa na kura zake zinahamia kwa chaguo la pili la waliompigia. Nyie mna wagombea watatu, kwa hiyo unaweza kuwaweka wote wawili unaowapenda, kazi yako ni kuamua nani aanze. Halafu kumbuka Maine ina wawakilishi 151, kila mmoja ana watu kama 9,000 tu. Mchujo wa eneo dogo hivyo unaweza kuamuliwa na kura chache sana, kanisa lenu moja linatosha kugeuza matokeo.

Swali la kuwauliza wote watatu ni hili: ule msaada wa jiji wa kodi ya nyumba na chakula ambao wageni wengi wanaanzia nao, jimbo linairudishia miji asilimia 70 ya gharama. Ukikatwa utafanya nini? Hapo utamjua aliyejiandaa na anayetegemea sura.

Mama Neema wa Lewiston

Wakuu nimerudi, samahani kwa kuchelewa. Kijana alikuja nyumbani jioni ile ile, nguo za kazini hajabadilisha. Nilipomweleza alinyamaza muda mrefu, chai ikapoa mbele yake. Alikuwa hajui. Karatasi zilikuwa bado kwenye gari la mzee, akaenda kuzichukua mwenyewe, ile ya kanisani yote hataitumia, ataanza upya na mtu akiwa hana dola 5 basi hana. Shemeji alionana na wakili, karatasi haikufika popote, wakili ameandika maelezo ameyaweka kwenye faili. Mzee hajanisalimia Jumapili mbili sasa, na hilo linaniuma kwa sababu ndiye alinipokea airport.

Dola 5 yangu nimetoa, yangu kabisa. Swali la asilimia 70 nimeuliza. Yule mama alijibu papo hapo na akaniambia miswada yote inasikilizwa hadharani Augusta, naweza kwenda kusema au kusema kwa Zoom. Kijana alisema hajui vizuri, akaomba siku tatu, siku ya tatu akapiga simu tukaongea saa nzima. Nani aanze kwenye karatasi bado sijaamua.

Shemeji anauliza, akibeba vipeperushi vya kijana bila kulipwa ni kosa?

Mwana Uvira

Kujitolea bila malipo hata asiye raia anaruhusiwa. Asichangie hela, asikae kwenye vikao vya kuamua mambo ya kampeni, na asisaini chochote. Lakini kwa kilichotokea amuulize kwanza wakili wake, hata kama ni kubeba vipeperushi tu.